Bamba Lako Linalia Mlangoni

Nyibol, rafiki yangu,

Chachu iko hai. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuketi. Asubuhi hii ilipanda hadi shingoni mwa chungu, ikawa inapumua kwa vipovu vyake vidogo, ikanuka kama ulivyokuwa ukinuka wewe: mtama mchachu, moshi, na sabuni ya kipande.

Nakuandikia nikiwa nimeketi kizingitini mwa duka, hapa Lodwar, saa nane mchana. Saa hii unaijua. Mji umelala macho wazi. Upande wa daraja la Turkwel hewa inacheza juu ya mchanga, na kila anayepita huko anaonekana kama hana miguu. Jana nilisinzia papa hapa nikakuona unakuja ndani ya ile hewa, bamba la chuma kichwani, shuka lako la kijani likipepea begani, huna haraka hata kidogo. Nilijua umekufa, na sikushangaa. Nilichowaza tu ni kwamba sijafagia.

Miezi minane sasa tangu tukuzike Kakuma. Bado kuna asubuhi ambazo nakunja kisra ya kwanza, ule mkate wako mwembamba, kukuwekea.

Nimekuwa nikikumbuka tulivyojuana. Nilikuwa nimestaafu ualimu, nikaitwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma kuwafundisha kina mama namna ya kuanzisha biashara ndogo. Nilikuja na chati zangu na kalamu za rangi tatu. Siku tano nzima nikaeleza: mjue mteja wako, chagua mahali, anza na kidogo. Wewe ulikaa nyuma kabisa unachonga jani la mkoma, hukuuliza kitu. Siku ya mwisho ukainua mkono.

"Ya ustaza, umefundisha soko vizuri. Sasa wewe mwenyewe nauza nini?"

Darasa zima lilicheka. Miaka thelathini na moja nilifundisha masomo ya biashara, na sikuwa nimewahi kuuza hata kiberiti. Nilisimama pale na kalamu ya kijani mkononi. Wiki iliyofuata nikaja nyumbani kwako kuomba kazi ya kujifunza, mwanamke wa miaka sitini na mbili.

Ulinifundisha kumimina upawa mmoja wa uji wa mtama kwenye bamba la moto, kuusambaza kwa lile jani kwa mkupuo mmoja, na kuubandua ukiwa mwembamba kama kitambaa. Kisra zangu zilitoka nene kama soli. "Mkono yako nalala," ulikuwa ukisema. Nikianza kukueleza kwa nini zimekuwa nene, ulinikatiza nipunguze mwendo: "Shwaya, shwaya. Wewe naeleza kisra, lakini kisra hasikii." Nakuapia, hakuna mkaguzi wa elimu aliyewahi kunifunga mdomo namna hiyo.

Na kulikuwa na sheria yako moja. Chungu hakimalizwi. Kikombe kimoja cha chachu lazima kibaki, kesho kiongezewe unga na maji, kiamke tena. Niliwahi kuona watu sita mlangoni kwako wakiomba, na ndani mmebaki kikombe hicho tu. Ukawarudisha wote. "Mteja narudi," ukaniambia. "Hii ikikufa, hairudi."

Ulitamani kisra yako ifike Lodwar. Wewe mwenyewe ulifika mara mbili tu, kwa kibali, na mara zote mbili kwa matibabu. Ile ya pili ulimwagiza binti yako Abuk agawe chachu nusu kwa nusu, yake na yangu. Ulinishika kiwiko ukasema, "Usiiache ilale." Nikaahidi. Sikujua nilichokuwa naahidi.

Sasa nikueleze mambo yalivyokwenda. Kwa mpangilio, maana unanijua.

Kabla ya kukodi chumba nilizunguka wiki mbili na kikapu, nikawaonjesha watu wa maofisini, waendesha bodaboda, wauza samaki. Niliogopa ule uchachu. Mama mmoja wa samaki alitafuna, akafumba jicho moja, akasema, "Hii inachoma ulimi kama maziwa ya kibuyu," kisha akachukua kipande kingine. Hapo nikatulia. Uchachu niliodhani ni mgeni kumbe tulikua nao. Hilo la kumjua mteja niliandika ubaoni maelfu ya mara, na nililielewa siku hiyo, kwenye jua, kikapu mkononi.

Halafu nikatafuta mahali. Nilikaa mbele ya vyumba vitatu, kila kimoja siku nzima, nimefunga kitambaa kwenye fimbo, natazama kinapeperuka upande gani. Fundi cherehani wa jirani aliniuliza kama nimepotea. Nilimwambia nasoma upepo, ili moshi wangu usije ukaingia kwenye suti zake. Nikafuata leseni, nikapimwa nipate cheti cha afya, nikiwa kwenye foleni na wahudumu wa hoteli niliowafundisha darasani, nao wameshika vikopo vyao na haya zao. Mtama naupata kwa kina mama wa Katilu wanaoukausha vizuri. Niliwahi kununua wa bei rahisi, ulikuwa na unyevu, chachu ikageuka rangi, na siku mbili sikupata usingizi. Maji nahifadhi ya siku tatu, kwa sababu mfereji una tabia zake.

Yote hayo niliyafanya sawasawa. Nilipokosea ni kwenye mlango, na nilikosea kwa akili zangu timamu.

Mchora mabango alitaka kuandika jina kwa rangi tano. Nikamweleza, tena kwa kirefu, kwamba watu wetu wengi wanaotoka Nakalale na vijiji vya nje hawasomi, na duka lisilosomeka ni sawa na duka lisilokuwepo. Basi achore chapa. Unakumbuka nilikuonyesha ngamia pale kwenye mnada wa Kakuma, kwamba kila ukoo una alama yake inayochomwa kwenye ngozi, na hata mtoto anaitambua kwa mbali. Nikamchorea ile ya ukoo wa marehemu mume wangu, ambao ndio wangu tangu nilipoolewa. Akaipaka nyekundu, kubwa, mlango mzima. Nilisimama ng'ambo ya barabara, Nyibol, nikajisifu.

Wazee wa ukoo walikuja siku ileile. Walisimika vigoda vyao kivulini, wakaniita mke wetu, wakaulizia chai. Mmoja alilala hadi alasiri. Watu wengine walipita. Nilidhani ni siku mbaya, halafu wiki mbaya. Walivuta harufu, nikawaona kabisa wakigeuza shingo, halafu wakatazama mlango na kuendelea na safari. Chachu ilipanda na kumwagika bila wa kuila. Niliwapa mbuzi. Mbuzi wa Lodwar walinenepa kwa kazi ya mikono yako. Lakini kila jioni nilibakiza kikombe.

Mwenye chumba alikuja, kijana wa watu, mpole. "Mama Mwalimu, kuna kinyozi anataka hii chumba. Mwezi ikiisha na hakuna watu, nitampatia. Mimi nakuheshimu sana, lakini chumba haiheshimu mtu."

Nikaanza kupanga maneno ya kumwambia Abuk. Nitabeba chungu, nitamrudishia, nitasema mkono wangu ulilala. Niliyarudia maneno hayo nikifagia, nikichota maji. Hayakukubali kukaa vizuri mdomoni.

Kuna mama anaitwa Akiru, aniuziaye makaa. Anakuja kila baada ya siku tatu, anapitia uani, anatua gunia, anaondoka. Siku moja nikamuuliza mbona hajawahi kuja mbele akala.

"Niingie kwa nani?" akasema.

"Si ni dukani kwangu, Akiru."

"Mwalimu, ngamia akiwa na chapa ya watu, mimi nitamkamua?" Akanitazama, akaona sijaelewa bado, akaanza kucheka mpaka akashika kiuno. "Wewe umesoma mpaka umesahau ngamia!"

Nilikaa juu ya gunia la makaa nikacheka naye. Halafu kicheko kikageuka, nikalia, na huyo mama akakaa karibu nami, mikono yake nyeusi kwa vumbi la makaa. Nililia kwa ajili yako. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza. Mazishini nilikuwa nimeshughulika kuwaeleza watu mahali pa kuketi.

Fikiria, rafiki yangu. Mtu aliyezaliwa kwenye manyatta, aliyefundishwa kuwa chenye chapa ya wengine hakiguswi, anaibandika chapa mlangoni na kungoja wapita njia. Mgeni asingeweza kukosea hivyo. Mgeni angeandika tu jina.

Kesho yake nilikwenda Kakuma, chungu nimekiacha Lodwar. Abuk alinisikiliza hadi mwisho. Mtoto wako hana maneno mengi. Alizunguka nyuma ya nyumba, akarudi na lile bamba lako la zamani, lililoungua pembeni likatoboka. "Mama alisema atalitengeneza," akaniambia. "Halitengenezeki. Chukua." Nilipofungua mdomo akaniwahi: "Usilieleze, ustaza. Litundike tu."

Nilifuta chapa, nikapaka mlango rangi ya udongo, nikapitisha waya kwenye lile tundu na kulitundika bamba mbele. Sikuwa nimewaza upepo, mimi niliyejidai kuusoma. Upepo wa mchana ulilisukuma likagonga nguzo, likatoa sauti ndefu, nzito, inayoendelea hata baada ya kunyamaza. Wachungaji waliokuwa wakipita na mifugo walisimama. Mmoja akauliza, "Hii ya nani?" Nikajibu ni ya rafiki yangu wa Sudan Kusini, aliyefariki. Wakaulizana kwa macho, wakasema, "Ejok," yaani ni vyema, wakaingia. Kitu cha mgeni hakina ukoo wa kukizuia.

Akiru alikuja siku hiyo, kwa mlango wa mbele, miguu ameinawa. Alikula tatu. Siku ya mwisho ya mwezi mwenye chumba alikosa kiti, akala amesimama, supu ya samaki ikimchuruzika kiwikoni, akasema kinyozi atamtafutia pengine. Mzee mmoja wa ukoo analalamika kuwa mke wetu ametufukuza, na analalamika hapahapa, kila siku, juu ya kigoda chake.

Sasa hewa imeanza kutulia kule darajani. Watu wanapata miguu tena. Muda si mrefu watakuja.

Basi pumzika, Nyibol. Mvua ikinyesha nitakuja Kakuma kukupalilia, na nitakuletea jani jipya la mkoma kutoka mto wetu; nimelichonga mwenyewe, si baya sana. Abuk akipata kibali atakuja kukaa nami siku kumi, na nitamwachia yeye bamba la kupikia. Mimi nitawaeleza wateja.

Nilikuahidi kitu bila kukijua. Leo nakijua, na nakuahidi upya: hata waje sita, hata waje sitini, wasimame hadi barabarani, chungu hakimalizwi.

Bamba linalia. Nimeinuka. Kikombe chako nimeshakitenga.

Ustaza wako,
Lodwar