Bobi, Nilisema Inuka

Bobi,

Kwani ulikaa kwa nini? Ulikuwa umeshainuka. Nilikuona kwa macho yangu haya. Honi ilipolia uliinua kichwa, ukasimama, ukajinyoosha kidogo kama kawaida yako, na mguu mmoja ulikuwa umeanza kushuka kwenye tope. Ungeshuka tu, leo ningekuwa nakugombeza kwa kunichafulia mlango. Halafu ukanitazama. Halafu ukakaa.

Ukakaa vizuri, mgongo wima, kama mtoto wa shule mbele ya mwalimu.

Mpaka sasa akili yangu haijafika. Nakamua mbuzi, nachuja maziwa, naweka chai motoni, kisha nasimama katikati ya kazi, chujio mkononi, nasema: Ya Allah, alikaa. Chai inamwagika. Halima jirani ananiita kutoka ng'ambo ya ua, "Mama Habiba, jiko lako!" nami nasikia kama anamwita mtu mwingine.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha yako. Kisomali hukukijua, na hukutaka kukijua. Na mimi kuandika nimefundishwa kwa Kiswahili tu, kwenye lile darasa la akina mama pale shuleni, na aliyenifundisha ndiye huyo huyo aliyekufundisha wewe. Kama nimekosea herufi, wewe si wa kunicheka. Hata jina ulinikubalia. Mwalimu Mutiso alikuita Popi, na mdomo wangu herufi ile hauiwezi, nikasema Bobi, na ukaja mbio. Mwalimu akacheka mpaka akashika tumbo. "Mama Habiba, basi umeshamsilimisha!"

Nina haraka ya kukuandikia kwa sababu ya Habiba. Yeye hakuwepo. Alikuwa dugsi, anasoma Kurani, na dugsi wewe hukuruhusiwa kumfuata, ndiyo maana siku ile ulikuwa na mimi. Aliporudi, aliwakuta watoto barabarani wanamwambia, mbwa wenu mjinga, kaona lori linakuja akakaa chini. Tangu hapo mtoto hali vizuri. Jana ameniuliza, "Hooyo, Bobi alichoka kuishi na sisi?" Mimi mama yake nikachukua kikombe. Nikamwambia anywe maziwa.

Wewe kuchoka na sisi! Wewe!

Unakumbuka ulivyokuja? Mwalimu amepata uhamisho wa kurudi kwao Kitui, vitu viko juu ya lori, na dereva hataki mbwa. Akakuleta mlangoni kwangu na kamba shingoni, kwa sababu maziwa yake alinunua kwangu. "Mama Habiba, nishikie huyu mpaka nitume mtu." Nilitaka kukataa. Kwetu mbwa anakaa na mifugo porini, mjini anafanya nini? Lakini fisi walikuwa wameingia kwenye boma la mbuzi wangu, na Baba Habiba yuko mbali na ngamia, upande wa Buna, na mimi ni mwoga, wewe unajua kuliko mtu yeyote. Jani likianguka mimi naketi kitandani. Nikasema, haya, mfunge nje.

Mtu wa Mwalimu hakuja. Barabara siku hizi, na majambazi hawa, nani anaisafiri bila sababu? Ukawa wangu.

Lakini kabla hajaondoka alinionyesha maneno yako. Njoo. Lala. Leta. Akasema, "Ukimwambia kaa, atakaa mpaka umwambie haya. Hata mvua inyeshe." Nikadhani anajisifu, walimu wanapenda sifa. Akakuambia kaa, akaenda kunywa chai kwangu, tukasahau, tukazungumza mambo ya dunia. Kutoka nje, uko pale pale juani, ulimi nje, macho mlangoni. Mwalimu akasema, "Haya, Popi!" Ukaruka kama umefunguliwa kamba.

Hilo la haya halikunipa taabu. Hata sisi tunasema haye, ni karibu neno moja. Taabu ilikuwa lile la kaa. Kwetu tuna neno linalofanana nalo, ka', koo linafungwa mwishoni kwa ile herufi ain ya dugsi. Na maana yake ni inuka. Kiswahili kaa ni keti, Kisomali ka' ni inuka. Wewe ain utaitoa wapi? Kwenye sikio lako lilikuwa neno moja.

Na tulicheka, Bobi. Hili ndilo linaloniua. Tulicheka! Asubuhi ya kwanza namwamsha Habiba aende shule, "Ka', Habiba, ka'! Jua limetoka!" Habiba amelala kama gogo, na wewe huko mlangoni umekaa chini, masikio juu. Nikarudia kwa ukali, ukajikaza zaidi. Halima akapita na ndoo, akasimama kutazama. "Mbwa wa mwalimu ana adabu kuliko mtoto wako. Unamwambia inuka, anakaa. Huyu ni wa serikali." Ukawa mchezo wa kila asubuhi. Habiba aliacha kuamka makusudi, apate kukuona ukikaa. Hukuwahi kutucheka wewe. Ulikaa tu.

Halima huyo huyo, mwanzo, alikuwa ananiambia, "Malaika hawaingii penye mbwa, sasa watapita wapi, Mama Habiba?" Nikamwambia mlango ni wao, mbwa analala upande wa mbuzi. Na kweli sikukuruhusu ndani. Wala sikukushika. Nakuomba uelewe, mdomo wako ukinigusa nina kazi ya kuosha, mara saba, moja kwa udongo, na mimi mikono yangu ni ya maziwa ya watu. Karai lako la maji nilikuwa nalivuta kwa kijiti. Nikitaka kukukuna, natumia kisigino cha ndala, hapo nyuma ya sikio, na wewe unafumba macho kama mtu aliyepakwa mafuta. Nilidhani hiyo inatosha. Nilidhani tuna wakati.

Na kila siku ulimpeleka Habiba shule. Mimi nilikuwa nabaki hapa nawaza majambazi, nawaza nyoka, nawaza mto umefura kwa mvua hizi, lakini nikikuona nyuma yake na mkia juu, naweza kuwasha jiko. Langoni anakuambia kaa. Unakaa. Watoto wanaingia, wanatoka kucheza, wanakurushia vijiti, hutoki. Kengele ikilia, yeye anakuja mbio anapiga kelele, "Haya, Bobi! Haya!" Nyumbani niliwasikia kabla sijawaona.

Sasa nikuambie siku ile, maana labda hukuelewa.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Ardhi yote tope, lami peke yake imekauka na imeanza kupata joto. Mimi nimesimama kando na jerikani za maziwa, nawangoja wale wanawake wa sokoni, na wewe ukaenda kulala pale palipo pakavu. Sikukulaumu. Hata mimi ningelala. Lori la Mandera likaja, limebeba mbuzi mpaka juu, linateremka na mwendo. Honi. Ukainuka.

Na mimi nikaogopa.

Nilipoogopa, Kiswahili chote kilinikimbia. Njoo, neno dogo vile, hata mtoto anayeanza kusema analijua, sikuliona popote kichwani. Nikapiga kelele kwa lugha ya mama yangu. "Ka', Bobi! Ka'! Ka'!"

Ukanisikia. Katika honi ile yote, na mbuzi wanalia, ukaisikia sauti yangu. Ukageuka. Mguu ukaurudisha kwenye lami. Ukakaa.

Dereva akashuka, kijana wa Mandera, adabu nyingi. "Eeddo," akaniita, shangazi, "nilikusikia. Wallahi nilikusikia ukimwambia ainuke. Na aliinuka, nikajua anatoka, nikaachia breki. Mbona akakaa?"

Ananiuliza mimi. Na watu wote pale Wasomali, wote wamesikia nimesema inuka, hakuna aliyeona kosa. Mzee mmoja akasema ni siku yake imefika. Mwingine akasema mbwa ni mbwa. Maziwa yanamwagika kwenye jerikani niliyoangusha, yanakwenda na maji ya mvua, na mimi siinami kuiinua, kwa sababu hapo ndipo nilipojua ulichosikia.

Nilipopiga magoti ulikuwa bado unapumua. Hukuwa unatazama lori, wala mguu wako, wala damu. Ulikuwa unautazama mdomo wangu. Ulikuwa unangoja. Nami nikasema Bobi, Bobi, Bobi, basi, sikusema kingine. Ukanilamba hapa, kwenye kifundo cha mkono. Kisha ukaacha.

Nikakubeba. Kwa mikono, Bobi. Sikutafuta kijiti wala gunia. Wewe mzito! Nilikuwa sijui kama u mzito hivyo, wala kama manyoya ya tumboni ni laini. Nikakuchimbia nyuma ya boma, upande ambao fisi walikuwa wanapitia. Halima akaja na jembe. Tulipomaliza akaleta maji, akanimiminia. Ile mara ya udongo, nilichota udongo pale pale ulipolala, ndio uliokuwa karibu. Akanimiminia mpaka zikatimia mara zote saba, pole pole, kama ninavyomwosha Habiba akiwa na homa. Mwisho akasema, "Hata wale vijana wa pangoni, wa kwenye Kurani, walikuwa na mbwa mlangoni kwao." Huyo ndiye Halima wa malaika.

Kifundo cha mkono nilikiosha mwisho. Nilichelewa kidogo, Mungu anisamehe.

Tangu uondoke mbuzi hawatulii. Wakisikia kitu wanasongamana kwenye mlango wa boma, wanaangalia pale ulipokuwa unalala. Nyayo za fisi nimeziona kwenye tope, karibu na miiba. Baba Habiba ametuma salamu kupitia mtu wa redio ya polisi kwamba atarudi mvua ikipungua. Habiba anakwenda shule peke yake, na mimi namfuata kwa mbali na shuka kichwani, asinione. Langoni anasimama kidogo. Anaangalia chini, mahali pako. Halafu anaingia. Namwamsha sasa kwa Kiswahili. Nasema amka. Lile neno letu haliwezi kutoka, linafika kooni kwenye ile ain, linabaki hapo.

Kuombea mbwa sikufundishwa. Nimekaa baada ya sala, mikono iko juu. Nikasema tu, Mola wangu, yule alikuwa anatii.

Basi sikiliza, Bobi. Habiba akirudi leo nitamweka hapa kwenye mkeka nimwambie yote. Nitamwambia hukuchoka nasi. Nitamwambia hukuwa mjinga, na wale watoto wa barabarani nitawaita mmoja mmoja niwaambie, na mama zao pia wakitaka kusikia. Mama yako alisema inuka, nitamwambia, na Bobi alisikia kaa, na kwa sababu mama ndiye aliyesema, akakaa mbele ya lori. Akilia, atalia. Akinikasirikia nitakubali. Lakini hatakua akidhani kwamba ulituacha. Hiyo ni ahadi, nimeiandika. Na Mwalimu nitamtafutia mtu wa kwenda Kitui, ajue kwamba ulikaa kama alivyokufundisha.

Kisha tutakuja wote wawili nyuma ya boma, na yeye ndiye atakayesema kwa sauti, kwa sababu sauti yake ndiyo uliyokuwa unaingoja langoni. Lakini sitaki ungoje hata mpaka hapo. Neno lako nilikunyima pale barabarani, na labda mpaka sasa umekaa mahali, masikio juu, unautazama mdomo wangu.

Haya, Bobi.

Haya. Nenda.

Mama Habiba