Nilishindwa na Celine, Lakini Ufunguo wa Mfereji Ninao

Shangazi, nisaidie kabla aibu haijanihamisha kutoka Kibera.

Naishi mtaa wa Soweto humu Kibera, na kwa miaka minne nimekuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kinachotunza mfereji, bomba la maji la ploti zetu. Mwezi uliopita ploti nzima, wake kwa waume, tulipiga kura ya mlolongo, wengine wakasimama nyuma yangu na wengine nyuma ya Celine anayeuza omena, na Shangazi, laini ya Celine ilifika hadi chooni ilhali nyuma yangu walikuwa watu sita, na nilipogeuka kumtafuta mume wangu Shivachi nikamwona hukohuko kwa Celine, nikamuuliza, "Baba Morris, hata wewe?" akanijibu mbele ya watu, "Nyumbani unanitawala, nije hapa nikuongezee kazi?" Wakacheka. Hasira ikanipanda, nikakumbuka wiki hiyohiyo, kwenye uteuzi wa chama, diwani wetu alikuwa na laini fupi kama mkia wa mbuzi na bado akatangazwa mshindi, akabebwa juu juu, nikajiambia, kama yeye ameweza, mimi ni nani? Basi nikapanda juu ya ndoo nikatangaza nimeshinda, nikasema laini ya Celine ilijikunja kwa hivyo haihesabiki, nikatia mfereji kufuli nikaenda na ufunguo.

Tangu hapo nikiita mkutano nahudhuria peke yangu, Jumamosi hakuna anayetoka kuzibua mtaro, akina mama wanabeba mitungi hadi Sarang'ombe na wananipita bila hata salamu ya "sasa", na juzi Morris wangu alisema amekuwa namba moja darasani, ripoti inasema thelathini na nane, nikamkaripia, akasema, "Mathe, hiyo ripoti imejikunja."

Shangazi, kiti nakipenda. Na nikirudisha ufunguo si watanicheka mpaka nizeeke?

Mama Morris, Soweto

*

Mama Morris, pole. Kushindwa kunauma, na mumeo akiwa kwa laini ya mwingine kunauma mara mbili. Lakini huna haya! Watu walisimama juani wakakuonyesha wanayemtaka, ukapanda ndoo kuwaambia hawajui kuhesabu. Sasa waje mkutanoni kufanya nini? Kuna mwenyekiti wa kwaya huko Kawangware aliyefanya kama wewe. Waimbaji wamehamia kanisa jirani, naye anaimba sauti zote nne peke yake.

Diwani wako simwezi. Nikimgusa zaidi mhariri atanifuta. Wewe nakuweza. Ukitaka siku moja kumuuliza alivyohesabiwa, kwanza acha kumwiga.

Leo, kabla hujapika, nenda kwa Celine wewe mwenyewe, usimtume mtoto. Mpe ufunguo akina mama wakiona, useme, "Nilishindwa, nikadanganya, nisameheni." Usiongeze "lakini". Watacheka, ndiyo, na wewe cheka nao. Shivachi usimnunie, alikuambia ukweli bure. Jumamosi shika koleo, uwe wa kwanza mtaroni. Kiti ukikitaka tena, gombea mwaka ujao.

Sasa weka gazeti chini, inuka. Kuna mama mjamzito anapanda na mtungi kutoka Sarang'ombe saa hii kwa sababu yako.