Swichi Niliyoifunga Kamba

Jumanne. Upepo wa Makanya umeleta vumbi mpaka ndani ya chai, nami nimeinywa hivyo hivyo. Mtu mwenye aibu hachagui chai.

Nikiri, maana hapa hakuna wa kunicheka ila mimi mwenyewe.

Kazi yangu kwenye shamba hili la mkonge ni kuendesha mashine inayosaga mahindi ya wafanyakazi. Inazungushwa na mota, na umeme tunagawana na mashine kubwa ya kuchakata mkonge. Wenzetu kule wakiilisha majani kwa pupa, umeme unapungua nguvu, taa zinakuwa nyekundu kama macho ya mlevi, na swichi yangu inajizima. Tak! Mkono wake hushikiliwa na sumaku ya umeme. Umeme ukinyong'onyea, sumaku inauachia na springi inaurudisha nyuma. Hapo ni mpaka niiwashe tena mwenyewe, polepole.

Leo asubuhi ilijizima mara saba. Akina mama kwenye foleni wakaanza kunisema kwa Kipare, kana kwamba suruali ya kaki imenisahaulisha lugha ya nyumbani.

Nikachukua kamba ya katani, nikaufunga ule mkono wa swichi usirudi nyuma.

Mashine haikuzimika tena. Ilikuwa ikiguna tu, na mota ikaanza kunuka kama ugali ulioungua. Nikawaambia akina mama kwamba huo ndio ufundi. Naandika haya nikiona haya.

Kisha umeme ukakatika kabisa. Mzee Elinaza, fundi wetu mkuu, akapita, akaona mashine imesimama, akadhani swichi imejizima kama kawaida yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unga umekwama huku," akasema, akaingiza mkono hadi kiwiko pale unapotokea unga.

Ningepiga kelele. Lakini kamba nilikuwa nimeisahau!

Unga ukampanda puani. Akachomoa mkono apige chafya.

Papo hapo umeme ukarudi, na mashine ikaamka yenyewe kwa ngurumo, ikammwagia unga wote usoni. Akawa mweupe kuliko Bwana Meneja.

Hakuna aliyecheka. Mzee alivitazama vidole vyake, kimoja kimoja, halafu akaiona kamba.

Akaikata kwa kisu. "Sumaku hii inaachia ili mota isijikamue kwa umeme hafifu mpaka iungue," akasema taratibu, na huo utaratibu ndio ulionitisha. "Na umeme ukirudi, mashine isiamke mpaka mtu aiamshe. Sasa waeleze hawa mama zako."

Nikawaeleza, jasho likinitoka. Mama Nakunda, wa kwanza kwenye foleni, akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo, hiyo sumaku imekuzidi akili?"

"Ndiyo, mama."

Hapo ndipo wakacheka, na Mzee Elinaza naye, unga ukimdondoka kwenye nyusi. Mimi nilikwenda nyuma ya kibanda. Ile chafya ingechelewa kidogo tu, leo ningekuwa naandika nini?

Kesho ikijizima, nitaiwasha. Ikijizima tena, nitaiwasha tena. Na wa kununa wanune.