Traverse Makumi Ine na Sita

Kamina, siku ya tatu asubuhi

Kwako Yaya wangu, dada yangu mukubwa, mama ya Rachel, ku Luena,

Jambo Yaya, jambo tena. Ile muguu yako inasema nini? Yule muzee ya kukanda mifupa anakuja bado? Usikimbilie shamba mbele haijapona, nakujua na ile kichwa nguvu yako. Na Rachel, alipita mutihani? Hapa mvua inaanguka kila mangaribi, ba moto, zile pikipiki, banateleza mu avenue mpaka abiria anainuka na matope ku meno. Mwili yangu iko muzima. Roho njo haiko. Tangu siku ya posho, Jumamosi, nikikaa nashituka, nikikula nashituka, hata mulango ikilia kidogo naruka.

Najua Luena ni kadogo. Ulikwisha kusikia kama bibi yangu wa ndoa, Numbi, alishuka treni peke yake na kifurushi moja, akaingia kwa baba yake. Ukajiuliza: huyu Ngoy, mudogo yangu, amefanya nini tena? Yaya, nilifanya kitu yenye hata minyi mwenyewe bado siamini. Keti, nikuelezee.

Unajua kazi yangu ya foto: ndoa, batizo, matanga. Appareil yangu ya foto njo ile ya bantu benye kuanza, na ka objectif kake, ka jicho ka mbele, kafupi ka plastiki. Sasa mujane ya muzee fotografe ya hapa akanizawadia objectif ya marehemu: ya zamani, chuma tupu, ndefu sawa muguu ya meza, ya kuvuta bintu bya mbali. Na doubleur yake, kale ka kipande ka kuweka katikati, objectif inavuta mara mbili. Nilifurahi mpaka nikacheza mu kiwanja! Nikapachika, appareil ikakataa. Inasema haioni objectif. Siku mbili nilipigana na menu mpaka nikaiambia: piga tu, hata hauoni. Kila kitu na mukono, Yaya. Mwangaza na mukono, kutosha ukungu mu picha na mukono, unazungusha bague, ile pete ya objectif, polepole. Na ile doubleur inakula mwangaza, mule ndani inakuwa sawa jikoni yenye moshi. Ukigusa kidogo, yote inatetemeka. Unaweka ku trépied, ile miguu tatu, unabonyeza, unatosha mukono, unangoja segonde kumi, njo inapiga yenyewe.

Basi siku moja, saa kumi ya mangaribi, nikapanda ku quai ya marchandises, pa kushushia mizigo ya treni, nikaelekeza objectif mu reli ya kwenda Bukama. Nikaona paka ukungu. Nikazungusha. Ukungu ikakuwa rangi, rangi ikakuwa kikwembe ya njano ya ba mama ya kanisa. Nikazungusha tena: Numbi! Bibi yangu, anatoka shamba, kapu ku kichwa. Nilitaka kucheka. Nikaongeza kadogo sana, na mwanaume akatokea ku mugongo yake, mwalimu ya koro yetu, ya bimbo bya kanisa, na mukono yake ku bega ya bibi yangu. Ku bega, Yaya! Mchana mweupe! Vidye wami, Mungu wangu! Kidole ikabonyeza yenyewe. Segonde kumi nilibakia na jicho mule mu ka shimo. Appareil ikalia. Nikafungua byuma byote, nikatia mu sac, nikarudi na njia ya soko ili nisikutane nabo.

Utaniuliza: ulimuuliza? Sikumuuliza. Hapa njo ujinga yangu yote. Alifika, akaniwekea bukari, akasema, «Leo kimya hivi, uko na homa?» Nikasema hapana. Kesho yake nikatosha picha ku karatasi kubwa, nikaitia mu bahasha, nikabandika na gundi, nikaandika jina ya baba yake. Nikamwambia, «Pelekea bukwe, baba yako, hii barua. Ni ya haraka, ni mambo ya banaume.» Unajua kwetu, bibi akifika kwa baba yake na barua ya bwana yenye kufungwa, maana yake amerudishwa. Ye hakufikiri vile. Alifikiri ni habari ya shamba. Akaifunga mu kikwembe, juu aliogopa mvua. Siku tatu mu treni, na alibeba mashitaka yake mwenyewe.

Siku ya posho mufanyakazi moja ya treni akaniletea jibu. Bukwe unamujua, maisha yake yote alikuwa mukubwa ya bantu ba kutengeneza reli. Appareil haijui, lakini reli anaisoma sawa Biblia. Aliandika bila salamu:

«Nilikamata kioo ya kusomea ya mama mukwe yako. Nilihesabu traverse, ile byuma yenye kulala chini ya reli, kutoka ku miguu ya mutoto yangu mpaka ku miguu ya ule bwana. Ni makumi ine na sita. Nikahesabu tena, ni makumi ine na sita. Mukono gani ya muntu inafika pale? Na weye ulikuwa pale: macho yenye Mungu alikupa, uliweka wapi?»

Mufanyakazi akaniambia, «Bibi yako naye alituma neno. Anasema aliibeba muzuri, haikulowana.»

Yaya, nilikaa chini mu matope.

Halafu kiburi ikanirudia. Nikasema muzee anatetea mutoto yake. Nikaenda kwa mwalimu ya koro na hasira yote, nikamuuliza siku ile alisimama wapi. Akanishangaa. «Pale ku poteau, ku nguzo. Nilikuwa nasimamisha moto ya kupanda. Juu ya nini?» Nikamuomba akuje asimame vile vile, anyooshe mukono. Mama moja ya kanisa alikuwa anapita, nikamusimamisha pa Numbi alikuwa. Nikapanda ku quai, nikaweka byuma byote, nikaingiza jicho.

Mukono ku bega!

Nikainua kichwa. Beko mbali mumoja na mwenzake, banasemezana na kelele. Nikarudisha jicho: mukono ku bega. Nikainua: mbali. Aka! Yule mama akalalamika kule, «Fotografe, unaona shetani ao nini?» Nikamujibu, «Ndiyo mama, lakini iko upande huu.» Kumbe ile objectif na doubleur yake binavuta bya nyuma mpaka binabandikana na bya mbele. Siku ile nzima sikuinua kichwa hata mara moja. Kuinua tu kichwa, Yaya! Kichwa yangu, yenye haiombe bague wala menu!

Nikashuka, nikatembea ku reli nikihesabu na sauti, mwalimu ya koro ananifuata sawa muuguzi. Makumi ine na sita. Nikamuelezea yote. Hakunitukana. Alisema tu, «Na mama Numbi iko wapi sasa?»

Sasa, Yaya, nakuangukia ku miguu, hata ile yenye kuvunjika. Unajua siwezi kukanyaga kiwanja ya bukwe kisha kosa ya hivi mbele dada yangu mukubwa hajafungua njia. Kamata kuku, enda weye. Wakikufukuza, rudi kesho yake. Minyi nitapanda treni ya kwanza yenye kupita, nitangoja kwako mpaka waniite. Akikataa kurudi, akatae, iko na haki. Lakini aniambie mu uso. Bila Numbi hii nyumba ni ukuta tu.

Unisalimie shemeji bwana yako na kikohozi yake, na mama mudogo wa ku kituo ya maji, na Rachel mwambie nguo ya masomo itakuja. Salimia pia jirani yako mugonjwa, yule mwenye kunifundisha kusoma.

Neno moja ilikuwa nyuma ya barua ya bukwe, nimeiacha mpaka hapa juu inaniuma. Aliandika: «Angalia uso ya mutoto yangu. Anaangalia nani?» Nikafungua picha ku ordinateur, ile kompyuta ya secrétariat ya kuchapia barua, nikaikuza. Haangalii mwalimu. Hakujua hata kama kuko muntu nyuma yake. Macho yake inakuja moja kwa moja mu objectif, anacheka na meno yote, na mukono yenye nilifikiri inashika kapu haigusi kapu. Iko wazi, juu. Alinijua kutoka kule kote, na macho matupu.

Basi ukifika kwake, usianze na habari ya doubleur. Anza hivi: alinisalimia, na mi sikuitika.

Mudogo yako mwenye haya,
Ngoy