Doa la Moto Shavuni

Mjukuu wangu Saada,

Marahaba, mwanangu! Huku Matemwe sote wazima, na shangazi yako kajifungua mtoto wa kike. Nshaiona picha ya kinyago chako cha udongo, nikapiga kigelegele peke yangu! Unauliza kama ulipake rangi lile doa jeusi lililotokea shavuni ulipokichoma.

Chungu changu cha kwanza tulikichoma uani kwa makumbi ya nazi, kikatoka na doa kama hilo. Nikawa nakisugua kwa mchanga huku nalia. Mama akaninyang'anya, akakigonga kwa kidole, kikalia ngeee! Akacheka. "Kimeiva hichi! Chungu husikilizwa, hakitazamwi."

Basi kopo la rangi lifunike. Nipigie simu sasa hivi, ukigonge hicho kinyago, bibi yako asikie.