Kwa Babu Soli, Aliyewaachia Watoto Ufunguo

Mwaka umetimia, Baba, tangu ile Jumatano asubuhi ulipoweka sindano mezani, ukasema unajinyoosha kidogo, usiamke tena. Kiatu cha watu kilibaki nusu. Kaka alikimalizia kwa mishono ya kuchekesha, na mwenye kiatu akakivaa hivyo hivyo, akakataa mtu mwingine asikiguse.

Watu walikujua kwa namna mbili. Siku sita ulikuwa fundi viatu wa kibanda cha bati kwenye kona ya soko, mwenye vidole vya gundi na redio isiyonyamaza. Siku ya saba ulikuwa Babu Soli, mwalimu wa shule ya Jumapili, umekaa na watoto kwenye viti vidogo, magoti yanakaribia kidevu. Mama alikuwa akikutania, "Mwanaume mzima na viti vya chekechea!" Ukamjibu kwamba ukikaa juu huvioni viatu vyao. Na kwa viatu uliwajua wote: nani kavaa vya dada yake, nani katembea mbali, nani katoka nyumbani mbio bila kufunga kamba.

Hukupenda watoto wakariri aya ili wapewe pipi. "Hata kasuku anakariri," ulisema. "Mimi nataka kujua Jumatatu atafanya nini." Ndiyo maana ukawa na utaratibu wako, ambao hakuna kitabu cha walimu kilichokufundisha.

Kwanza, ufunguo. Chumba cha watoto nyuma ya kanisa kilikuwa na kufuli moja na ufunguo mmoja. Kila Jumapili darasa likiisha, ulimkabidhi mtoto mmoja ufunguo huo mbele ya wenzake, akae nao wiki nzima, na Jumapili inayofuata awafungulie. Zamu zilifuata daftari, bila kumruka mtu, awe mtulivu au mtundu wa kupindukia. Kamati ya kanisa ilikuomba mara ngapi uchonge wa akiba? Ukagoma. "Nikiwa na mwingine mfukoni, mtoto atajua sijamwamini."

Halafu kulikuwa na kusahihisha. Aliyesema uongo hakuchapwa wala kupigishwa magoti. Alirudi kwa yule aliyemdanganya na kusema, "Nilisema hivi. Haikuwa kweli. Kweli ni hii." Yakaisha hapo, na ilikuwa marufuku kukumbushana. Tena ulianza wewe mwenyewe. Ulimwambia mtoto mmoja kiatu chake kiko tayari, ila umekisahau nyumbani. Maneno ya mafundi, tunayajua. Jumapili iliyofuata ukasimama mbele ya watoto ishirini: "Nilisema nimekisahau nyumbani. Haikuwa kweli. Kweli ni kwamba nilikuwa hata sijakigusa." Mama anasema mafundi wenzako walikununia wiki nzima kwa kuwaharibia kazi.

Ninayeandika haya ni binti yako wa pili, karani, yule ambaye Jumapili yake ilikuwa ya kulala. Nilikuwa nakuonea wivu, Baba. Watoto wa watu walikuwa wanakupata kuliko sisi. Nimeona nikuambie hapa, wote wasikie, maana nyumbani sikukuambia.

Tulikuzika Jumamosi. Kesho yake asubuhi nilimsindikiza Mama kanisani, nikamkuta mwenyekiti wa kamati mlangoni pa chumba chako, na msumeno wa chuma mkononi. Si mtu mbaya, na wewe mwenyewe ulikuwa ukisema hivyo. Viti vya kanisa vilikuwa vinanyeshewa nje, mwalimu hayupo tena, akaona chumba kiwe stoo mpaka hapo atakapopatikana mwingine. Na ufunguo je? Ufunguo ulikuwa kwa Kiherehere.

Wasiomjua: Kiherehere wakati ule alikuwa binti wa miaka tisa, asiyeweza kunyamaza hata akiwa na chakula mdomoni. Zamu yake ya kwanza alipoteza ufunguo. Siku ile Baba alifundisha nje, juani, bila neno la lawama, akabadilisha kufuli, kisha akaliandika jina la yule mtoto kwenye daftari upya. Kanisa zima lilijua. Kwa hiyo mwenyekiti hakuona haja ya kumngoja.

Alikuja, Baba. Alipenya katikati ya watu, ufunguo umefungwa kwenye leso na leso imebanwa kwa pini kifuani, macho yamevimba kwa kulia.

"Ahsante mwanangu, nipe mimi," mwenyekiti akasema.

"Shikamoo mzee. Hapana."

"Hapana nini?"

"Tunakabidhi ndani, darasa likiisha. Na anayefuata yupo kwenye daftari. Si wewe."

Watu wakaguna. Mwenyekiti akainama, akamwambia kwa upole kwamba darasa halipo, mwalimu amefariki. "Basi nitakaa nao mpaka liwepo," Kiherehere akasema, akashika leso kwa mikono miwili. Kisha akageuka, akatutazama mmoja mmoja. "Kwani mwalimu ni nani?"

Mama alinisukuma mgongoni. Mpaka leo anakana, lakini mgongo wangu ninaujua.

"Mimi," nikasema. "Leo tu."

Akafungua. Nilikaa kwenye kiti chako kidogo, sijui hata pa kuanzia, nikawaomba waniambie ulikuwa unafanyaje. Waliongea wote kwa pamoja. Mwisho wa darasa tulilifungua daftari, Kiherehere akamkabidhi ufunguo mwenzake aliyefuata, kisha akakaa chini akalia kwa sauti, na sisi sote tukalia naye.

Ile "leo tu" imekula mwaka. Kila Jumapili nimekuja, na kila Jumapili nimeirudia: leo tu, wakati wakitafuta mwalimu. Nilijiachia mlango wazi wa kutokea. Kumbe mlango huo huo ndio kamati iliokuwa ikiutumia. Kaka na shemeji wakajenga banda la viti kwa mikono yao, viti havinyeshewi tena, lakini kila kikao barua ilikuja: kwa kuwa mwalimu aliyepo ni wa muda, suala la chumba bado linajadiliwa. Nikawa nakasirikia kamati. Mama akawa ananitazama tu.

Mwezi uliopita, wakati wa kuondoka, Kiherehere alibaki akipanga viti. Sasa ana miaka kumi na bado haishiwi maneno.

"Shangazi, wiki ijayo utakuja?"

"Nitakuja."

"Lakini umesema leo tu."

"Ni namna ya kusema, mama."

Akanyamaza, jambo ambalo sijawahi kuliona. Kisha akasema, "Wadogo huwa wananiuliza kama utarudi. Sijui niwajibu nini. Babu Soli angekuwepo, angekuambia urudi usahihishe."

Sikulala usingizi wa maana wiki ile, Baba. Nimefundisha mwaka mzima watoto wasidanganye, na mimi nawadanganya kila nikifungua mdomo. Mbaya zaidi, walikuwa wamejua na wananistahi.

Basi nimeshaandikia kamati. Barua ni fupi: mwalimu amepatikana. Na Jumapili hii, baada ya ibada ya kukukumbuka, nitakaa kwenye kile kiti, magoti yakikaribia kidevu kama yako, niwaambie watoto ishirini na watatu: "Nilisema leo tu. Haikuwa kweli. Kweli ni kwamba siendi popote." Wakishaisikia, yameisha, na hakuna kunikumbusha.

Unakumbukwa na mke wako, ambaye bado anakuwekea kikombe mezani na kukirudisha kabatini, kaka yetu mkubwa, aliyekirithi kibanda na ambaye mishono yake sasa inanyooka, dada muuguzi, mimi karani, mdogo wetu wa mwisho aliye masomoni, shemeji, wifi, wajukuu zako saba, mafundi wenzako wa kona ya soko, waliokwisha kukusamehe, na watoto wote wa chumba cha nyuma.

Maisha yetu yote tutakuwa nawe moyoni, Baba. Wiki hii ufunguo uko kwa mjukuu wa mwenyekiti. Wa akiba hatujachonga.