Ile Dawa ya Kioko Usimpe Tena

Kiandutu, Thika
Jumatatu

Kwako dada yangu Mwende,

Habari ya hapo nyumbani? Mimi niko tu. Kifua ilikuwa inanisumbua na hii baridi ya asubuhi lakini imepona. Na wewe je, mgongo?

Mwende, kabla usome mbele, ile chupa ya dawa ya mtoto wako Kioko iweke juu, mahali hafiki. Usimpe tena, hata kijiko moja. Kama ulishampa ile ya chini, usingoje, mpeleke hospitali leo. Tangu Jumamosi nimejaribu kupiga simu kwa duka ya pale sokoni, haishiki, na Jumapili basi haitoki, ndio naandika nipatie kondakta wa basi.

Barua yako ilinipata Ijumaa. Nikasoma venye kifafa imemwangusha Kioko mara tatu wiki moja na anakunywa dawa kila siku, na venye umebakisha unga ya chini unafikiria umpe hiyo, kijiko mbili. Nilishtuka, lakini sikujua kwa nini. Jumamosi tulipoachiliwa kazini kwa mjengo kule Ruiru nikaenda moja kwa moja kwa yule mama wa chemist hapa Thika, mwenye humtengenezea Kioko dawa.

Kulikuwa na watu. Nikasimama nyuma mpaka wakaisha. Unanijua.

"Kijana, umekuja kununua ama kuangalia?"

Nikamwambia dawa ya mtoto haifanyi kazi.

"Mnaitikisa?"

Nikatikisa kichwa.

"Haiya! Si nimeandika hapo kwa chupa? Ama mnatikisa kichwa?"

Nikamwambia ukweli. Kwetu maji ya mtoni tunaacha itulie, tunamimina ya juu pole pole, matope inabaki. Na siku nilileta hiyo dawa niliona unga imekaa chini, nikakwambia huo ni uchafu, usitingishe. Sasa hakuwa na mzaha. Akatoa kinu yake, ndogo kama kikombe, akaniita ndani nione.

Hiyo dawa inatoka kiwandani ikiwa tembe ya mtu mzima. Hata nusu ni nyingi kwa Kioko. Kwa hivyo anahesabu kulingana na kilo zake, anasaga mpaka iwe laini kama poda ya mtoto, anatia maji nzito tamu kidogo kidogo akikoroga, halafu anajaza mpaka alama. Poda haiyeyuki, Mwende. Inaelea tu. Ukiiacha inashuka.

Hapo nikaelewa. Ni kama chokaa. Usipokoroga ndoo, ukuta wa kwanza unatoka maji maji, wa mwisho unakuwa mnene mpaka unabanduka. Nikamwambia hivyo. Akaniangalia.

"Kumbe akili unayo. Mbona hukuuliza siku ya kwanza?"

Niliona haya. Siku hiyo pia kulikuwa na watu.

Kwa hivyo Kioko alikuwa anakunywa maji tamu. Ile imebaki ndio dawa yenyewe, imejazana. Hata ukiitikisa saa hii haisaidii, maji ilishatoka. Kijiko mbili ingemlaza, pengine asiamke. Amesema nikuandikie hivyo hivyo, nisipunguze.

Chupa mpya ametengeneza, iko na kondakta. Mpeleke Kioko kwanza kwa daktari, ubebe chupa zote mbili, umwambie alikuwa hapati dawa, akwambie utaanza na kiasi gani. Halafu kila mara tikisa mpaka usione kitu chini, ndio upime. Usimuongezee ati ya zile siku zimepotea. Na ule mtoto wa jirani mwenye huanguka usimgawie, hii imepimwa kwa kilo za Kioko peke yake.

Salimia baba, na shemeji akirudi kutoka kwa ng'ombe. Mama mkwe wako usiishie kumsalimia. Umeniandikia anasema mtoto anaanguka kwa sababu yako, ati ulikuja na kitu ya uchawi kutoka kwetu. Mkalishe chini umsomee hii barua yote. Ukifika pale nimeandika ni mimi nilikwambia usitingishe, soma kwa sauti. Usiruke.

Ni mimi ndugu yako,
Mutinda